Redio ya Mbao ya Mzee wa Tumati

Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Balangdalalu. Niliyoyafanya Tumati nayasema mwenyewe, kabla hamjayasikia kwa wengine.

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, Theresia, niliiona redio yake ya zamani. Ni ya mbao inayong'aa, ina vitufe vya rangi ya maziwa na kioo chenye majina ya miji ya mbali. Ilishakufa, lakini hakuna kilichopendeza kama hiyo pale sebuleni. Niliisifia mpaka nikajisahau, nikasema naweza kuitengeneza. Mzee akanikabidhi palepale.

Fundi wa Katesh aliifungua, akaifunga. "Daktari, hili sasa ni pambo."

Nikaficha ndani yake spika ndogo inayounganishwa na simu bila waya, nikairudisha Tumati. Mzee akaita majirani. Nilizungusha kitufe taratibu, simu ikiwa mfukoni, na kwaya ikaanza kuimba. Mzee alivua kofia.

"Sauti ni ileile," akasema. "Kijana, binti yangu nimekupa."

Nilikuwa bado nashukuru, kwaya ikakatika na redio ikaanza kuita kama simu. Nikapapasa mfukoni niikate. Kidole kikakosea, nikaipokea.

"Vipi, baba ameamini?" Theresia akauliza kutoka ndani ya redio. "Hajaiona ile spika?"

Mzee aliinama mpaka karibu na kioo.

"Bado, mwanangu. Hebu ongeza sauti, majirani hawajasikia vizuri."

Redio ikasema, "Shikamoo, baba."