Rahema na Mafuta ya Kondoo Ukutani

Ukimtaja Rahema binti Idrisi pale Majengo ya Embu, hakuna atakayekuuliza ni Rahema yupi. Ni yule wa chokaa. Baba yake alikuwa mpagazi aliyeingia mjini na misafara, ukoo wake umechanganyika hata mwenyewe alichoka kuueleza. Mama yake alikuwa Mmbeere wa Siakago, na ndiye aliyemwachia binti kazi: kuzima chokaa kwa maji kwenye pipa, kuichuja kwa gunia, na kupaka nyumba za Waislamu kila Idd ilipokaribia. Kwa Rahema, nyumba isiyopakwa chokaa siku ya Idd ilikuwa sawa na mtu aliyekwenda kuswali bila kunawa uso. Alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Ungegusa ukuta wake kabla haujakauka, ungesikia habari zako na za ukoo wako wote.

Alikuwa na masharti yake, na mumewe Saad, mwenye bucha, aliyajua kwa kusikia, si kwa kushika. Usipake chokaa bila kujipaka mafuta mikononi, itakuchubua. Ikikuingia jichoni, usisugue, mwaga maji mengi. Ukuta ukichafuka, usiuguse kwa kisu wala kwa mafuta ya taa, maana uchafu utakimbilia ndani. Saad alikuwa akiitikia "naam" huku akinoa panga lake.

Basi ikawa miaka ile ya hali ya hatari, wakoloni walipokuwa wakipigana na watu wa msituni. Watu wa mashambani walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba, na mjini kukiingia kafyu hata paka alitembea kwa adabu. Usiku watu wa msituni walikuwa wakiandika maneno kwenye kuta. Mkubwa wa doria akatangaza sokoni kwamba nyumba itakayokutwa na maandishi itavunjwa, na mwenyewe atachukuliwa akahojiwe. Haikuwa tisho la bure. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alichukuliwa hivyo hivyo. Nyumba yake ikabaki rundo la udongo, na mkewe hakujua hata amepelekwa wapi.

Siku moja kabla ya Idd, kafyu ilipoondolewa alfajiri, Saad alitoka kufungua bucha iliyokuwa mbele ya nyumba yao. Ukuta wa pembeni, ambao Rahema alikuwa ameupaka juzi tu ukang'aa kuliko wote mjini, ulikuwa umeandikwa kwa lami, herufi kubwa nyeusi: ARDHI YETU.

Na hapa ndipo alipofanya kosa la mtu wa bucha. Saad alijua jambo moja kuhusu lami: ikikushika mkononi, jipake mafuta ya mkia wa kondoo, itatoka yenyewe. Akaingia ndani, akachota mafuta, akasugua ukuta kwa nguvu zake zote. Lami ikalainika, ikafutika kwa gunia, na Saad akaenda kumwamsha mkewe akiwa amejaa furaha.

"Mama Abdulatif, njoo uone! Nimemaliza!"

Rahema alikuja, akaona, akashika kichwa.

"Umeimaliza nyumba yangu, baba wee! Asubuhi kuna baridi, lami ilikuwa imekauka kau. Ningeimwagia maji baridi, ningeibandua kwa ubao taratibu, ingetoka vipande vipande. Sasa umeinywesha mafuta!"

"Si tupake chokaa juu?"

"Chokaa ishike kwenye mafuta? Haya, tupake tuone."

Wakapaka. Ukuta ukatulia kidogo, kisha mahali palipoingia mafuta chokaa ikajikunja na kuachia, na maneno yakarudi, safari hii kwa rangi ya manjano. Yalisomeka vizuri kuliko mwanzo. Kuchimba ukuta hawakuthubutu, kwa kuwa doria ilikuwa ikitafuta mashimo mapya na viraka. Chokaa mbichi tu ndiyo isingetiliwa shaka, kwa ajili ya Idd. Rahema alikaa chini kwenye vumbi, akalia waziwazi. Akilini alimwona Saad tayari juu ya lori la doria, na bucha rundo la udongo.

Hapo ndipo alipotokea Wambeti. Huyu alikuwa mwanamke wa Kiembu, Mkristo, wa kijiji cha miiba kilichokuwa ng'ambo ya mto. Siku za soko wanawake wa kule waliruhusiwa kutoka kwa muda, na Wambeti hakukosa kupitia bucha kununua matumbo. Rahema alizoea kumfungia na kipande cha nyama chini ya matumbo, bila kusema neno, kwa sababu alijua kule kijijini kuna mjukuu na hakuna maziwa. Mwanawe Wambeti, Ireri, hakuwa akitajwa tangu alipotoweka nyumbani. Watu walimwita mama Ireri kama kawaida, kisha wakahamia kwenye habari za mvua.

Siku hiyo Wambeti hakuja kununua matumbo. Alikuja mbio, kikapu mgongoni kikining'inia kwa ukanda kichwani, akaangalia ukuta kabla hajasalimia.

"Mama Abdulatif, hii mafuta imeingia ndani?"

"Imeingia, mama Ireri. Tumekwisha."

"Hapana kwisha. Mimi nimeleta ile udongo nyeupe ya mto. Ile ya kupaka vijana wakienda kutahiriwa. Ngozi ya mbuzi ikiwa na mafuta mingi, sisi tunapaka hiyo, inakunywa yote."

Rahema alinyanyuka. Aliuponda ule udongo ukawa unga, akauchanganya na jivu na maji kidogo, akaukandika juu ya kila herufi. Lakini udongo ulikuwa baridi na mafuta yalikuwa yameganda ndani, hayatoki. Akafikiri. Kisha akamtuma mumewe alete pasi ya mkaa, ile ya kunyooshea kanzu ya Idd. Wakatandika gunia kavu juu ya udongo na Rahema akaupiga ukuta pasi, polepole, huku Saad akipuliza makaa bila kuthubutu kutoa ushauri. Mafuta yakayeyuka, udongo ukayanywa, ukageuka rangi. Walipoukwangua kwa ubao, chini yake palikuwa pakavu. Wakarudia mahali palipokuwa pabishi, kisha Rahema akapaka chokaa nyembamba, akangoja, akapaka tena. Ikashika.

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamtoka upya. "Asante, mama Ireri. Asante sana."

Wambeti alikuwa ameinama kufunga kikapu. Ndipo Rahema alipouona mguu wake. Kwenye kisigino, mpaka ndani ya nyufa, kulikuwa na lami.

Kutoka sokoni kulisikika filimbi ya doria, na kila mtu alijua kwamba siku hizi walikuwa wakikagua mikono na nyayo. Rahema angeweza kukasirika. Ukuta ulikuwa wake, mume alikuwa wake, na hofu ile ya tangu alfajiri haikuwa imemtoka. Lakini mwanamke huyu alikuwa amevuka mto na vizuizi vyote, na kisigino kile, kuja kurekebisha. Angeweza kubaki kijijini.

"Kaa," Rahema akamwamuru. "Baba Abdulatif, lete mafuta ya kondoo."

"Mafuta tena?" Saad akashtuka.

"Lete, nakwambia! Kwenye ngozi ndiyo mahali pake."

Akaushika ule mguu mapajani, akaupaka mafuta, akasugua kwa jivu mpaka kwenye nyufa, akauosha. Wambeti alimtazama.

"Mama Abdulatif, mimi nilipita kwa mtaro usiku, nilishika debe ya lami tu. Sikujua ni ya kwako, ilikuwa giza; asubuhi ndiyo nilisikia, nikaleta udongo ya kufunika lami. Ile mkono iliandika—"

"Sijakuuliza mkono wa nani. Leta mguu mwingine."

Doria ilifika. Mkubwa wao aliweka kiganja ukutani, kikatoka cheupe, akajifuta kwenye suruali na kuichafua, akazidi kununa. Mlinzi mmoja akamwinua Wambeti mguu, akaukunjia pua.

"Huyu mama ananuka kondoo!"

"Hapa ni bucha, afande," Saad akasema. "Ulitaka anuke marashi?"

Wakapita.

Rahema aliendelea kupaka chokaa miaka yote iliyofuata, na kila mwaka kabla ya Idd Wambeti alimletea kikapu cha udongo mweupe, hata kama hapakuwa na doa. Lami hawakuizungumzia tena. Hali ya hatari ilipoondolewa na watu wakaanza kurudi kutoka kizuizini, Wambeti alikuja na kikapu chake akifuatana na mwanamume mwembamba, mwenye mvi zisizolingana na umri wake.

"Huyu ni Ireri," akasema. "Anataka kupaka ukuta wa Idd."

Rahema alimpa brashi ya mkonge na mafuta ya kujipaka mikononi, akamwambia kuhusu macho. Ukuta ulikuwa mrefu, mweupe mtupu tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemwonyesha chochote. Ireri alitembea kando yake, akasimama, akainua mkono na kuanza kupaka mahali palepale ilipokuwa imesimama ile herufi ya kwanza.

Rahema alimtazama Wambeti, kisha akaingia ndani kumkatia nyama. Safari hii hakuificha chini ya matumbo.