Nyuma ya Mstari Mweupe

Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, Nsimire, na desturi yetu inataka baba, au mdogo wa baba, amshike bibi arusi mkono hadi altareni. Ndiyo sababu Jumamosi ile nilitoka kijijini kwetu Nyangezi nimevaa suti ya kuazima, ndefu kidogo mikononi. Misa ilikuwa mjini Bukavu, saa nne. Padri alikuwa na arusi tatu siku hiyo, na alishaonya kwamba atakayechelewa atangoja wenzake wamalize.

Saa mbili na nusu niliondoka kwa pikipiki ya Papa Bisimwa, mtu mwenye wajukuu sita anayeendesha kana kwamba wote wamelazwa hospitali. Mtaani Panzi tulipenya kando ya lori lililokwama na kuzuia magari yote. Nilikuwa nimeshasali rozari nzima, bila rozari, kwa sababu mikono ilikuwa imeng'ang'ania koti lake.

Saa tatu na nusu, njiapanda ya kuingilia mjini, tulikuta taa mpya. Taa hizo zina akili, nilielezwa: jicho lililo juu ya nguzo linahesabu vyombo vinavyongoja, na upande wenye foleni ndefu ndio unaopewa kijani mapema. Sisi tulikaa na nyekundu mpaka kola yangu ikalowa. Upande wa pili magari yalipita, yakapita tena.

Kosa lilikuwa letu. Motari wa Bukavu, yaani dereva wa pikipiki, hangoji nyuma ya mtu. Pikipiki zote zilikuwa zimejipenyeza mbele ya mstari mweupe, na jicho linatazama nyuma ya mstari. Kwake, barabara yetu ilikuwa tupu. Kuvuka nyekundu hatukuthubutu, maana mama polisi alisimama pale tayari kung'oa funguo za pikipiki.

"Murudie nyuma ya mustari," alituambia. "Ile macho haiwaone."

Hakuna aliyesogea. Nilimsihi Papa Bisimwa, ambaye huniita Tonton, yaani baba mdogo, kama watoto wa nyumbani.

"Tonton, nikirudia, huyu atakamata place yangu."

Motari wa jirani alitikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, ataikamata.

Nikamwaza Nsimire mlangoni, hana wa kumshika mkono, na hasira ikanipanda. Nilishuka nikaivuta pikipiki kinyumenyume, Papa Bisimwa akiwa juu yake analalamika. Watu wakacheka. Jirani akakamata nafasi yetu kweli.

"Mutoto wa ndugu yangu iko nangojea mukono yangu kwenye eglise," nikawaambia. "Baba yake alishakufa. Munisaidie."

Kicheko kikakatika. Jirani yule ndiye aliyerudi wa kwanza. Wengine wakafuata, wakigombania hata kurudi nyuma. Jicho likatuona, tukapewa kijani.

Saa nne ikikaribia nilifika kanisani. Bibi arusi mwingine alikuwa ameshapanda ngazi, tayari kuchukua zamu yetu, na Nsimire alikuwa anatazama barabara.

"Tonton, nilizani nitaingia peke yangu."

"Tulikuwa mbele sana," nikamjibu, "ndiyo maana tumechelewa."

Altareni nilimkabidhi kwa mumewe, kisha nikabaki nimesimama katikati yao hadi padri akaniashiria kwa kidole. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikalia bila kujificha.

Jioni, tukirudi Nyangezi, taa ya njiapanda ile ilikuwa nyekundu, na Papa Bisimwa akasimama mbele ya mstari. Nilichojifunza Bukavu ni kwamba taa imeshafundishwa kutuhesabu. Kazi iliyobaki ni sisi kusimama tunapohesabika. Nikashuka bila kuambiwa, nikakunja mikono ya suti, nikaanza kuivuta pikipiki nyuma.