Pampu Kabla ya Kinu

Ilikuwa saa mbili kasoro robo asubuhi nilipofika Nyarugusu na kumkuta dada yangu mkubwa akivuta pampu ya pumu kabla ya kutwanga. Hakuwa amebanwa. Aliitikisa, akavuta mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga, akashika mchi wa chuma. Wenzake waliotwanga mawe ya dhahabu walicheka.

“Mama Pampu kajaza upepo! Leo hatumwezi.”

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Usinikodolee macho. Nikitangulia kuvuta, vumbi halinikamati.”

Pampu ile ilikuwa imenunuliwa na mwenye duara, yaani mwenye shimo la dhahabu. Miaka ile ya themanini dawa zilikuwa adimu, na watu walimsifu kwa ukarimu huo.

Nilimpeleka dada hospitali, Shinyanga. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza kuhusu kazi yake.

“Mama, pampu inalegeza misuli, njia ya hewa inapanuka. Lakini ndani kuna uvimbe, na uvimbe hausikii pampu. Ukiivuta ili utwange, unalifungulia vumbi mlango. Meza vidonge hivi vya uvimbe, na kinu uache.”

Tuliporudi, mwenye duara alicheka. “Madaktari wa mjini! Si anapumua? Mayu, mama yangu, vuta upepo wako tuendelee.”

Dada alimeza vidonge siku chache, akaviacha. “Havinifungui,” aliniambia. “Pampu inafungua papo hapo. Na kinu nikiacha, watoto watakula hivyo vidonge vyako?”

Shamba langu la pamba lisingelisha nyumba mbili.

Mvua zilipokatika, vumbi likazidi. Asubuhi moja alivuta pampu, akavuta tena, akavuta tena; kifua hakikufunguka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi tulipomfikisha zahanati kwa baiskeli, mimi nikisukuma, jirani akimshikilia. Sindano ilimrudisha. Lakini tangu siku ile, ndoo moja ya maji kutoka kisimani anaipumzisha njiani kila hatua chache.

Mchana wa siku ileile aliyobanwa, mchi wake ulikuwa mikononi mwa mwanamke mwingine.

Nilikwenda kudai ujira wake wa mwisho. Mwenye duara alihesabu noti mezani, kisha akarudisha nyingi mfukoni.

“Hizi ni za pampu,” alisema. “Ulidhani nilimpa bure?”

Nilimpelekea dada kilichobaki: shilingi kumi na nane.