Ulizia Pipa Lilibeba Nini

Wasomaji wangu, mniwie radhi. Niliishia darasa la saba, mkono wangu ni mzito, na herufi zangu hazikubali kukaa kwenye mstari. Karatasi hizi zimenichukua siku nne. Penye kosa, someni nilivyokusudia.

Nilianza kazi mwaka 1965, katika karakana ya mafundi bati pale Darajani. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka Fundi Mkuu akaniuliza nimekuja kununua au kuuza. Nilikuwa kijana mwenye haya mno. Akanisogezea pipa tupu, akaniambia nitie kichwa ninuse. Nilipotoka akauliza ni harufu gani, nikanong'ona kwamba sijui. Mafundi wakacheka, mmoja akataka kujua kama pua ile nimepewa ya kuwekea miwani. Fundi Mkuu hakucheka.

"Pipa ni kama mchumba," akasema. "Kabla hujalileta nyumbani, ulizia lilikotoka."

Kwake nilijifunza kutengeneza majiko ya kubanikia, yaani kukausha samaki na nyama kwa moshi. Pipa lililobeba mafuta ya nazi ndilo bora. Huchomwa ndani kwa moto mkali wa makumbi ya nazi, kisha husuguliwa kwa mchanga mpaka chuma kibaki kitupu. La lami halifai, maana likipata joto hutoka jasho jeusi. La dawa ya wadudu ndilo usiliguse kabisa. Halisafishiki kwa moto wala kwa maji. Wavu wa kulazia samaki nao uwe wa chuma kisichopakwa kitu. Ule unaong'aa kwa zinki unapendeza macho, lakini moshi wake ni sumu. Na toka kuni hadi wavuni pawe na dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Pungufu ya hapo samaki ataungua nje, ndani abaki mbichi. Nyama hutaka zaidi kidogo, kwa sababu mafuta yake yakidondoka huamsha ndimi za moto.

Mwaka 1968 nilihamishiwa Mtoni, chini ya Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita ofisa wa uvuvi. Alikuwa msomi, mpole, mwenye haraka. Kilichomuuma ni kuona samaki wanaoza pwani huku watu wa mashamba wanakula muhogo mkavu. Alitaka kila nyumba iwe na pipa lake. Yeye alihutubia, mimi nilikata milango ya kuni na kugonga misumari ya ribiti.

Mwaka 1970 tukaenda Makunduchi, uani kwa Bi Mashavu, ambako kina mama wa mtaa walikusanyika kutazama. Pipa la siku ile dereva wetu alilitoa katika ghala moja la mjini, nje limeshapakwa rangi ya kijani. Nilipolipasua kwa patasi, harufu ikanipanda puani: kali, yenye utamu wa mbali. Dawa ya wadudu. Niliijua mara moja.

Bwana Samaki alikuwa ameshaanza kusema, kina mama wamemkodolea macho. Nikaona haya kumkatiza mkubwa wangu mbele za watu. Nikajidanganya kwamba moto utaimaliza, na hali nilifundishwa kwamba hauimalizi. Nikapanga makumbi, nikawasha. Bi Mashavu akaleta samaki sita aina ya changu.

Alasiri samaki walikuwa wekundu, wazuri kweli. Kabla hajaonja mtu, Bi Mashavu akatia wawili kwenye bakuli, akasema hao ni wa binti yake, leo siku ya tisa tangu ajifungue. Akaelekea chumbani.

"Bi Mashavu, usimpe," nikasema.

Akageuka. "Nisimpe nini, mwanangu?"

"Hao samaki. Pipa lilikuwa la dawa ya wadudu. Nimeinusa tangu asubuhi."

Bwana Samaki akanitazama. "Tangu asubuhi, Haji?"

"Naam."

"Na ukaninyamazia?"

"Nilikuonea haya, bwana."

Akaenda akatia kichwa ndani ya pipa, akakaa humo muda. Aliomba jembe, akachimba shimo kwa mikono yake, akawafukia wote sita, kisha akamtaka radhi Bi Mashavu mbele ya kila mtu na kumtuma dereva pwani kutafuta wengine. Mimi nilikuwa nalia. Bi Mashavu akanisogelea.

"Haya ni vazi, mwanangu," akasema. "Lakini mtu haogelei na kanzu."

Samaki waliokuja walibanikwa kwenye jiko lake mwenyewe, la mawe yaliyokandikwa udongo, na Bwana Samaki akiwa amechutama pembeni anauliza unene wa ukuta na kuandika. Tangu hapo alikuwa akiwaambia watu: mwenye udongo mzuri asikimbilie pipa.

Nimestaafu zamani. Mapipa niliyoyatengeneza siyajui idadi, na hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni zile saa tangu asubuhi hadi alasiri. Mtoto yule wa siku tisa sasa ni bibi mwenye wajukuu. Tukikutana huniamkia, "Shikamoo," wala hajui kwa nini ninachelewa kumwitikia.

Nawe unayesoma, kama una pipa usilojua lilibeba nini, au uliwahi kunyamaza kwa haya mahali pa kusema, niandikie. Nitajibu polepole, lakini nitajibu.