Kaskazini ya Kanisa

Nikiwasha kiberiti, harufu yake hunirudisha juu ya lava iliyofunika mtaa wetu, ikiwa bado na joto chini ya kandambili zangu. Papa alikuwa akitafuta mahali ilipokuwa nyumba, kwa sababu Koko, mama yake mzazi, alibaki ndani.

"Wewe unasomaka jeografi," aliniambia. "Nyumba ilikuwa upande gani?"

Nilinyoosha mkono wa kulia kuelekea macheo, kama mwalimu alivyotufundisha. "Kaskazini ya kanisa, Papa."

"Na kanisa iko wapi?"

Niligeuka, nikageuka tena. Wiki ile tulikuwa tumejifunza neno magofu: mabaki ya miji ya watu wa kale. Hapa hata ukuta haukubaki.

Mama aliketi juu ya jiwe. "Tuombe hapa," alisema. "Koko atatusikia."