Kitufe cha Theluji

Wakonyo hupima magari. Mtu akipenda gari kuukuu kutoka Japani kwenye yadi ya Ruiru, humlipa Wakonyo aliendeshe kwanza, naye hulipeleka Ngoliba mvua ikiwa imenyesha, kwenye ule udongo mweusi unaonata. Maneno ya wauzaji hayamwingii. Yadini, yeye husema, kila gari ni bwana harusi.

Juzi alikwenda huko na Githae, fundi wa simu kutoka Kiuu, aliyependa gari dogo la four-wheel lenye kitufe kilichochorwa theluji.

"Hii nayo ni ya nini, na huku hakuna theluji?" Githae aliuliza.

"Inazuia magurudumu yasizunguke bure. Matope ni yale yale tu. Bonyeza."

Gari liliteleza upande, likatafuta njia, kisha likapanda mlima polepole mpaka kwenye geti la mama yake Wakonyo. Wateja wote huishia hapo kwa chai, na wote hudhani ni sehemu ya kazi. Bila gari la kupima, Wakonyo huwa hapati nafasi ya kufika.

Githae, kikombe mkononi, aliona tingatinga na marundo ya kokoto kando ya barabara.

"Naona mnawekewa lami, mama."

"Wanasema kufikia Krismasi itakuwa imeisha."

"Sasa mtapumua."

Mama alimwongezea chai. Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa akikwangua matope kwenye viatu.

"Na ikiisha, Wakonyo, utakuwa ukija kupima nini?"