Barua ya Kuomba Radhi kwa Kusali

Jumatatu nilipanga foleni kwenye steshenari moja ya mtaa wa Mchafukoge, Dar es Salaam. Mbele yangu alisimama binti wa Kihindi mwenye sare ya shule, pamoja na mama yake.

"Kwenye YAH ya barua niandike inahusu nini?" mchapaji akauliza.

"Kuomba radhi," mama akajibu.

"Kwa kosa gani?"

Binti akapangusa paji la uso, ingawa halikuwa na kitu. "Niliweka statasi picha nikisali nyumbani, nina alama nyekundu hapa. Wenzangu wakanitukana kwenye grupu la darasa. Mwalimu anasema shule hairuhusu uonevu, na picha yangu ndiyo iliyouanzisha."

Mchapaji akaacha kuchapa. "Na waliotukana wanaandika barua gani?"

"Wao hawajaambiwa."

Mama akamgusa bintiye mkono. "Tuandikie tu, kaka. Shule wanaisubiri."

Nikajifanya nasoma bei za kutoa kopi ukutani. Sare ile naijua, maana mwanangu anasoma shule hiyohiyo, darasa moja na binti huyo. Juzi alinionyesha picha hiyo kwenye simu, na kejeli aliyoandika chini yake. Nilicheka mpaka machozi, nikamwambia amerithi kalamu ya baba yake.